Uvivu Alimkana Siwema

Nililala na hasira jioni ile, wasomaji wangu, ubavu kwa ubavu na binti yangu Siwema, aliyekuwa akihema kama aliyetoka mbioni ilhali hakutoka popote. Mchana daktari alikuwa ameniambia kwamba mtoto amezaliwa na tundu moyoni, kwamba anahitaji upasuaji na tusichelewe, akanipa rufaa ya hospitali kubwa, niende asubuhi. Nilipofika nyumbani, wifi yangu Tausi akacheka. Ni yeye aliyewahi kumsugua Siwema midomo kwa upindo wa khanga, akidhani weusi wa midomo yake ni wa zambarau, na wala haukuwa msimu wa zambarau. "Mtoto mvivu tu huyo, wifi," akasema. "Akicheza rede kidogo, kachuchumaa. Atakua, ataacha. Sasa ndiyo ukampasue kifua?" Kilichoniuma ni kwamba sikujua nimwamini nani.

Usingizi uliponichukua nikajiona katika nchi nisiyoijua, ya vilima vya kijivu visivyo na kivuli, nimejifunga kibwebwe, namtafuta Uvivu nyumba kwa nyumba nimnyang'anye mwanangu. Njiani nikamwona mwanamke mwembamba, mwepesi wa miguu hata ikabidi nikimbie kidogo kumfikia. Akasema anaitwa Subira. Nikamwambia sikutegemea Subira awe na mwendo ule. "Wananichanganya na yule," akajibu, akinionyesha mwanamke aliyejaa kibarazani, amejitanda khanga kama yake, akimkaribisha kila mpita njia aketi kwanza. "Yule ni Kesho. Watu humwita kwa jina langu, kisha humwachia watoto wao awalee. Mimi hungoja lile tu nililokwisha kulifanyia kazi. Twende."

Tulimkuta Uvivu juu ya magodoro yaliyopandana hadi karibu na dari, watu wake wakikoroma kila upande. Nikamwambia anirudishie Siwema. Akafungua jicho moja. La pili aliona ni kazi kulifungua. "Mama, wangu nawajua wote," akasema huku akipiga miayo. "Wangu huketi kabla mchezo haujaanza. Huyo wako hukimbia mpaka pumzi zikamwisha, akachuchumaa, kisha akainuka kuudai mpira. Mtoto wa namna hiyo ataniharibia nyumba. Usinisingizie." Sijawahi kufurahi namna ile kwa kufukuzwa mlangoni kwa mtu.

Subira akaniongoza hadi kwenye kijumba chenye mlango mfupi sana, nikaingia nimechuchumaa. Ndani, msichana mdogo aitwaye Juhudi alikuwa akipiga pampu ya maji kwa mikono miwili, jasho likimtiririka. Kila alipopiga, maji machafu yalipenya kwenye tundu la ukutani yakachanganyika na yaliyo safi, naye akapiga tena kwa nguvu zaidi. Nililia. Nikataka kumpakata, nimwambie apumzike.

"Nikipumzika mimi, Siwema atazimika," akasema bila kuiachia pampu. "Huruma yako naiona, mama, lakini haizibi ukuta. Niletee fundi."

Nikazinduka kumekucha. Kiganja changu kilikuwa juu ya kifua cha Siwema, na chini yake nikamsikia Juhudi kazini, hajalala usiku kucha. Ndipo nilipoelewa kwamba kuchuchumaa kwa mwanangu ndiko kupigana kwake, na kwamba amepigana peke yake vya kutosha. Kisu cha upasuaji nilikiogopa, na hata sasa nakiogopa. Nikajifunga kibwebwe vilevile, nikamvisha Siwema gauni lake la sikukuu.

Wifi alitukuta mlangoni. "Mapema yote hii? Si ungekuwa na subira kwanza?"

"Subira ndiye anayenikimbiza, wifi. Tunakwenda kwa fundi."

Kabla hatujafika barabarani Siwema akaishiwa pumzi, akachuchumaa katikati ya njia, watu wakitazama. Nami nikachuchumaa kando yake, sikumhimiza, nikangoja. Pumzi ziliporudi aliinuka yeye kwanza, akaninyooshea mkono.

"Mama, inuka," akasema. "Tutachelewa."