Sanamu ya Daraja C

Kosa lilikuwa la ukungu, na la Hector Dalgarno mwenyewe, maana mtu akikusalimu unamjibu. Hilo halihitaji shule.

Asubuhi hiyo Hector alikuwa amesimama langoni pa kanisa la kijiji cha Balfinnie, Uskoti, juu ya jiwe lile lile alilosimama kila asubuhi kwa miaka na miaka. Kondoo wake walikwisha kula, yeye mwenyewe alikwisha kunywa uji wake wa chumvi, na ukungu ulikuwa umeshuka mlimani ukafunika makaburi yote. Ndani ya ukungu huo akatokea Bi Haldane, mkaguzi wa majengo ya kale kutoka Edinburgh, kamera shingoni. Kazi yake ilikuwa kuzunguka parokia na kuandika kipi kilindwe na sheria, kisibomolewe, kisihamishwe, kisibadilishwe, na kukipa daraja: A, B au C. Alikwisha kuliandika kanisa, daraja la mawe, banda la njiwa, hata kibanda cha simu.

"Habari za asubuhi," akasema.

Hector akalifikiria jambo hilo. Watu wa Balfinnie hawana papara ya maneno, na Hector aliwashinda wote. Hizo habari zilikuwa nzuri? Kondoo mmoja alikuwa anachechemea. Nyonga yake mwenyewe ilikuwa inamuuma. Akiwa bado anapima, Bi Haldane akamgusa koti, akalikuta limelowa na lina kuvu begani, akapiga picha, akaandika, akaenda zake.

"Nzuri kiasi," akasema Hector, lakini mbele yake palikuwa na ukungu tu.

Majani yalipoanza kuchipua, kibao kikapigiliwa ukutani: SANAMU YA MCHUNGA KONDOO, HUENDA YA KARNE YA KUMI NA NANE. PUA IMELIKA KWA MVUA. DARAJA C.

"Daraja C!" Ishbel Petrie akacheka mpaka akauegemea ufagio wake. Huyu alikuwa mjane, ndiye aliyefagia kanisa, na mdomo wake haukuwa na breki. "Maskini Hector! Hata kibanda cha simu kimekupita. Kile kina B, na simu yenyewe mbovu."

Hector alitaka kumjibu kwa utani. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Jibu lilimjia Alhamisi.

Mwanzoni watu walidhani ni mzaha. Kumbe! Kinyozi akakataa kumgusa ndevu. "Unataka nifungwe?" akasema, akamrudishia kofia yake. Daktari naye akasema nyonga mpya inawezekana, ila kwa kibali, na sharti iwe ya jiwe la machimbo yale yale yaliyotoa sanamu yenyewe. Naye Cruickshank, mwenye duka na mzee wa kanisa, akaweka meza ya chai na biskuti za siagi pembeni ya lango, kwa kuwa mabasi ya watalii yalianza kusimama hapo.

"Simama wima kidogo, Hector," alikuwa akimnong'oneza. "Hawa wametoka mbali, usituaibishe."

Hector akaandika barua Edinburgh: Mimi si sanamu. Dalgarno. Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba. Jibu likaja kwa heshima zote: hoja yake imezingatiwa, kuwa hai si pingamizi, na sanamu inaruhusiwa kutembea mradi irudi mahali pake pa asili.

Yote hayo angeyavumilia. Kilichomkata maini ni habari za Ishbel. Ishbel alikuwa anahama. Jumamosi angepanda basi la kwenda mji wa Peebles, akaishi kwa dada yake, wala hakusema atarudi lini.

"Dada ana bustani kubwa," akamwambia pale langoni, akimtazama usoni. "Inataka mtu wa kuilima. Sijui nitampata wapi."

Hector akavua kofia, akaivaa tena.

"Nimesema sijui nitampata wapi, Hector."

"Mm," akasema Hector.

"Haya, endelea kusimama!" Ishbel akaingia ndani, akaubamiza mlango.

Neno lenyewe lilikuwa moja tu: mimi. Na hata lingetoka lingemfaa nini? Kitu cha Daraja C hakiruhusiwi kuvuka mpaka wa parokia. Akawaza maisha yaliyobaki, lango ni lile lile, ila kule kwenye kimlango cha kanisa hatatokea mtu. Akaogopa kwelikweli.

Ombi lake la kuondolewa kwenye orodha likasikilizwa Jumamosi hiyo hiyo, katika ukumbi wa kanisa. Parokia nzima ilihudhuria. Ishbel alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani, akilisubiri basi.

"Sheria iko wazi," akasema Bi Haldane kutoka mezani. "Kitu kinaondolewa kikipoteza ile sifa iliyofanya kilindwe. Sifa ya hiki ni utulivu wake. Je, umepotea?"

"Haujapotea hata chembe!" Cruickshank akaruka. "Mtazameni wenyewe!"

Watu wakamtazama. Hector akafungua mdomo. Ukumbi ukangoja. Mtu akakohoa. Hector akaufunga tena, ayapange maneno kwanza.

"Mmeona?" akasema Cruickshank.

"Bi Petrie," Bi Haldane akauliza, "wewe unamwona kila siku. Unasemaje?"

Ishbel akasimama, macho mekundu. "Tangu nimzike mume wangu napita mbele ya huyu mtu kila asubuhi. Nimemwambia ya moyoni kwa kila njia ambayo mwanamke anaweza kusema bila kujiaibisha. Nimeambulia mm. Mpe C, mpe A, mpe unachotaka, mama. Serikali haikukosea. Ni jiwe."

Akatoka. Nje basi lilikuwa limeshafika, injini inanguruma.

"Si jiwe!"

Watu wakageuka huku na huku kumtafuta aliyepiga kelele, kwa sababu sauti hiyo hakuna aliyeitambua. Hector alikuwa keshafika mlangoni, anachechemea mbio.

"Ishbel! Wewe Ishbel! Shuka kwenye hilo basi!"

"Nishukie nini?"

"Ulidhani nasimama pale natazama nini? Makaburi? Wote waliomo nawajua, hawana jipya! Nilikuwa nakungoja utoke na ufagio wako!"

"Mwongo mkubwa! Ulikuwa unatazama barabara."

"Basi njoo uone! Njoo!"

Akamshika mkono, akamvuta mpaka langoni, akamwonyesha jiwe lake. Hakuna aliyewahi kuliona vizuri, maana yeye mwenyewe alikuwa juu yake siku zote. Lilikuwa na mashimo mawili ya buti, yamelika kwa kusimamiwa, yamejaa maji ya mvua. Hayakuelekea barabarani. Yalielekea kimlango cha ubavuni, ambacho hakuna anayekitumia isipokuwa mfagiaji.

Ishbel akayatazama mashimo. Akautazama mlango. Kisha akamchapa Hector begani kwa mkoba.

"Mjinga wewe! Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa natafuta pa kuanzia."

"Anzia hapo ulipo!"

Akaanza. Akasema habari za gauni la kijani la Ishbel, na supu aliyomletea alipougua, na wimbo aliouharibu siku ya mavuno, naye Hector akarudi nyumbani akiuimba vile vile ulivyoharibika. Akasema bila kupumua, dereva anapiga honi, akapanda basi bado anasema, na Ishbel nyuma yake analia na kucheka.

"Msimhamishe!" Cruickshank akapiga kelele. "Jamani, watalii wangu!"

Bi Haldane akafungua orodha yake. "Sifa imepotea," akasema kwa masikitiko ya kweli, akapiga mstari. Kisha akapiga magoti kwenye matope, akaanza kuyapima yale mashimo.

Siku hizi Hector analima bustani Peebles akiwa na nyonga mpya ya chuma, na anaongea mpaka dada wa Ishbel anakimbilia jikoni. Ila siku akinyamaza kidogo tu, Ishbel humkumbusha kibao kipya cha Balfinnie: ALAMA ZA BUTI ZA MTU ALIYENGOJA. DARAJA B.

"Buti zako zimekupita, mume wangu," humwambia. "Zenyewe zilisema mapema."