Na Wenyeji Kumi na Wanane

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa shahidi chini ya bahari, kwenye kesi ya meli ya moshi iliyozama mwaka 1889. Kuitwa hakukunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba barua ya wito ilichelewa miaka mia moja na thelathini na kitu, na bado juu yake waliandika HARAKA.

Korti ilikuwa sebuleni kwetu hapa Ngamiani, Tanga, ila sebule ilijaa maji mpaka darini. Viti vilikuwa vilevile. Nikaketi. Nikaonywa nisipumue kwa kelele.

Hakimu alikuwa Dira, dira ya meli yenyewe, ndani ya kisanduku chake cha shaba. Dira, kama mjuavyo, hutazama kaskazini tu. Sisi tulipangiwa kuketi kusini. Kwa hiyo toka mwanzo wa kesi mpaka mwisho mheshimiwa yule alitupa kisogo, na hakuna aliyeona ajabu.

Karani alikuwa pweza. Alitumia wino wake mwenyewe.

"Soma orodha ya waliopotea," Dira akauambia ukuta.

Pweza akasoma. Abiria tisa, kila mmoja na jina lake, la baba yake na la mji wake. Maofisa wa meli sita, vivyo hivyo. Farasi jike mmoja, jina lake Rosalinda, rangi ya kahawia, baka jeupe kwenye paji la uso, mpole kwa watoto. Kisha akakohoa kidogo, akamalizia: "Na wenyeji kumi na wanane."

Akafunga daftari.

Nikasimama. "Mheshimiwa, hao kumi na wanane wana majina."

"Yako wapi?"

"Ndilo swali langu. Ninyi ndio mliokuwa nao."

Nieleze kidogo hapa, maana wapo watakaosema huyu hata usingizini anatafuta ugomvi. Babu yake baba yangu alikuwa mtia makaa kwenye meli ile. Wenyewe watia makaa waliiita Mkohozi, kwa jinsi injini yake ilivyokuwa ikikohoa. Jina lake la Kizungu limeandikwa kwenye vitabu vya kutosha, mimi silirudii. Ilipopanda mwamba, mlango wa chumba cha tanuri ulifungwa kwa nje, watu wakiwa ndani, ili moto usizimike na pampu ziendelee kutoa maji wakati wakubwa wanashusha mashua. Haya tunayajua kwa sababu mpishi mmoja aliogelea mpaka nchi kavu akayasema. Mimi sikuwapo. Lakini sijasahau.

"Kwa kanuni," Dira akasema, "asiye na jina kwenye orodha hakupotea. Asiyepotea hakufa. Asiyekufa yuko kazini. Sikiliza."

Nikasikiliza. Chini ya sakafu ya sebule yetu palikuwa na mlio wa mabeleshi. Kwaa. Kwaa. Watu wanachota makaa, wanatupa motoni. Nikatazama juu na kugundua kwamba hata taa ya korti inawaka kwa mvuke wao.

Farasi alikuwa amekaa kiti cha kando yangu, miguu ameikunja. Akaniinamia sikioni.

"Pole, ndugu yangu. Mimi kifo changu kiliandikwa vizuri sana. Gazetini nilipata mistari mitano. Walisema niliitazama bahari kwa ushujaa."

"Na uliitazama?"

"Nilijikojolea. Lakini sikutaka kuwasahihisha."

Pweza akafunua kitabu cha kanuni kwa mikono mitatu. "Jina linaweza kuongezwa," akasoma, "likitajwa na mke, kwa kinywa chake mwenyewe. Mwisho ni leo. Tukifunga kesi, tumefunga."

Mke wa babu sikuwa na haja ya kumtafuta mbali. Nikafungua mlango wa chumba cha ndani. Mle hamna maji. Bibi Mwanakombo ameketi mkekani, mgongo kaunyoosha, umri wake hauzidi miaka ishirini na mbili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona mzee mzima unaniamkia mimi?"

"Mimi ni kitukuu chako."

Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni. "Basi kitukuu changu umechakaa mapema."

Nikamuuliza anafanya nini pale.

"Nasubiri kuanza eda," akasema. "Si kuimaliza, kuianza. Eda yenyewe ni miezi minne na siku kumi, nikae ndani, kisha nioge, nitoke. Nilikwenda kwa kadhi. Akaniuliza, nani kakwambia mumeo kafa? Nikamwambia meli imezama. Akasema, meli naijua, jina la mumeo kwenye orodha liko wapi? Basi nikarudi. Mke si mke, mjane si mjane. Sijui hata barabara siku hizi inapita upande gani."

"Bibi, dawa ipo. Taja jina lake tu, hapo mlangoni, pweza aandike."

Akavuta ncha ya kanga akaziba mdomo. "Nimtaje mume wangu? Mbele ya wanaume? Mimi nina wazazi, bwana."

"Hata mara moja?"

"Mume akiwa hai, mke hamtaji. Akishafariki atamtaja kwenye dua, hapo hakuna neno."

"Basi amefariki."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Una orodha?"

Sikuwa nayo. Orodha isingekamilika mpaka alitaje jina, na jina asingelitaja mpaka orodha ikamilike. Na nikaelewa jinsi tulivyolipoteza jina lile nyumbani. Watoto walikua wakimsikia mama yao akisema "yule bwana", nao wakatuachia "babu wa melini". Aliyelijua jina, kwa heshima hakulitamka, na tuliotaka kulitamka hatukulijua. Nimezikasirikia kampuni za meli tangu nikiwa kijana. Usiku huo kwa mara ya kwanza nilijikuta nakasirikia adabu.

"Yule bwana unaweza kumfikia?" bibi akauliza.

"Yuko chini ya sakafu."

"Basi nenda. Usinisimamie mlangoni na mvi zako."

Sebuleni, chini ya kiti changu, palikuwa na ngazi ya chuma. Nikashuka. Kwenye kidato cha mwisho alisimama kapteni, kofia mkononi. Kapteni huyu aliondoka na mashua ya kwanza, halafu akaandika kwenye taarifa yake kwamba alikuwa wa mwisho kutoka. Korti ikaipokea taarifa kama ilivyo. Kwa hiyo hana ruhusa ya kutoka mpaka wengine wote watoke.

"Waambie watoke, tafadhali," akaniambia. "Miguu inaniuma."

"Mlango si umeufunga wewe?"

"Nimeufunga. Lakini sikuandika kwamba nimeufunga. Kwa hiyo hakuna mlango, na mlango usiokuwapo hauna ufunguo."

Nikamwacha na hoja zake, nikapita kwenye shimo la kumwagia makaa. Ndotoni tumbo halimzuii mtu.

Ndani kuna joto la kuchoma nywele. Wanaume kumi na wanane, vifua wazi, wanatia makaa kwenye moto unaowaka ndani ya maji bila wasiwasi. Kila mmoja amevaa kibati chenye namba shingoni, kwa sababu mkuu wa injini aliona majina yao yanamchosha ulimi.

"Samahanini wazee wangu. Nani kati yenu ni babu yangu?"

"Sote tuna wajukuu," akasema Namba Nne bila kugeuka. "Fafanua."

"Mwenye mke anayeitwa Mwanakombo."

Namba Saba akasimama wima. Kijana wa miaka ishirini na sita, na pua yake ni hii hii yangu. Akanikabidhi beleshi kwanza, ndipo akanisalimu.

"Hajambo?"

"Hajambo. Anakusubiri."

"Bado?" Akajifuta jasho, ingawa tulikuwa ndani ya bahari. "Yule mwanamke mkaidi."

Nikamwomba jina lake. Akanitajia sikioni. Nikakimbilia bomba la kusemea, lile linalopanda mpaka juu, nikapiga kelele: "Pweza! Ninalo jina!"

"Umepewa na nani?" sauti ikateremka.

"Na mwenyewe."

"Ushahidi wa marehemu haupokelewi."

"Mmesema hajafa!"

"Basi aje mwenyewe kortini."

"Mlango umefungwa!"

"Taarifa ya kapteni haina mlango. Una jingine? Tunafunga kesi."

Hapo nikafanya kitu pekee ninachokiweza duniani. Mimi nilibeba mizigo gatini miaka thelathini, nikagomesha wenzangu mara mbili, nikafukuzwa mara tatu. Nikapanda juu ya rundo la makaa.

"Ndugu zangu, wekeni mabeleshi chini."

Hakuna aliyeweka.

"Tukiacha, pampu zitasimama," akasema Namba Nne. "Watu wa juu watazama."

"Watu wa juu tisa na maofisa sita walizama siku ile ile. Waliobaki walifika kwao, wakala, wakazeeka, wakazikwa na mawe makubwa juu. Hakuna mtu juu. Kuna korti tu, na mnaiwashia taa."

Mabeleshi yakapunguza mwendo. Moto unanguruma peke yake.

"Hakuna aliyetuambia," Namba Nne akasema taratibu.

Babu akawa wa kwanza. Alilaza beleshi lake chini kama mtu anavyolaza mtoto asiamke. Kisha wa pili, wa tano, wa kumi. Mkohozi akakohoa mara moja, akatulia. Taa ya juu ikafifia, ikazimika.

Bomba likajaa makelele. "Nani wamesimamisha kazi? Nataka majina! Mmoja mmoja, kwa ukamilifu! Watajuta!"

Nilicheka mpaka mapovu yakanitoka puani. Mambo yao ni hayo hayo. Siku za kazi wewe ni namba. Siku ya mgomo ndipo wanapotaka jina lako, la baba yako, na mtaa unaolala.

"Haya, wazee wangu," nikasema. "Mmeulizwa."

Wakapanga foleni mbele ya bomba.

"Songoro Baruti, wa Pangani!"

"Mabruki Kheri, na sijuti!"

"Uledi Mtondoo," akasema Namba Nne, "na uandike kwamba nilikuwa mchezaji mzuri wa ngoma."

"Hayo hayahusiani," pweza akajibu.

"Farasi mmeandika ni mpole kwa watoto."

Bombani kukasikika mkwaruzo wa kalamu. "Imeandikwa."

Ilipofika zamu ya saba, babu akashika bomba kwa mikono miwili. "Farjala Mwinchande," akasema. "Mume wa mtu."

Wote kumi na wanane. Niliwahesabu kwa vidole vyangu kumi na, kichwani, mikono minane ya pweza.

Nilipopanda tena sebuleni, pweza alikuwa akikausha wino. Juu ya ukurasa aliandika: *Watukutu wa Chumba cha Tanuri, waadhibiwe*. Dira akaomba apelekewe ukutani, akausoma mara mbili. Akaguna.

"Haikuwa nia yetu," akasema, "lakini orodha ni orodha. Walioandikwa wamepotea. Waliopotea wamekufa. Waliokufa hawana zamu. Kesi imefungwa."

Mlango ambao haukuwapo ukafunguka. Wakapanda ngazi, mmoja mmoja, wakampita kapteni bila salamu. Kapteni akavaa kofia, akatoka wa mwisho, akichechemea. Rosalinda akasimama kuwapisha.

Babu alifika mpaka mlango wa chumba cha ndani, akasita. Hakuingia. Alikuwa ameshakufa, na mwanamume haingii chumbani kwa mjane wa eda. Akakohoa tu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu.

"Asinisubiri tena," akaniambia, kwa sauti ya kusikika ndani.

"Nimesikia," akajibu bibi.

Akaondoka na wenzake. Sikuona walielekea wapi. Maji yalikuwa yanapungua na mimi nilikuwa natafuta viatu.

Ndipo nikamsikia nyuma ya mlango. "Farjala," akasema. Kisha akalirudia, maana mara ya kwanza lilimshtua mwenyewe. "Farjala."

Akaanza eda. Miezi minne na siku kumi ikapita; mimi nilikunywa kikombe kimoja cha kahawa na nusu ya cha pili. Halafu nikasikia akiinuka, magoti yakilia, akienda msalani. Maji yakamwagika kata baada ya kata, kwa muda mrefu sana.

Nikaamka. Saa mbili asubuhi, jua limeshaingia chumbani. Mke wangu amesimama mlangoni, kashika tambara la kupigia deki.

"Baba Sauda, umri wako wote huo, unaoga halafu unatembea hujajifuta?"

"Mimi ndiyo kwanza naamka."

"Basi huko sebuleni ni nani?"

Nikatoka kutazama. Kwenye saruji nyekundu palikuwa na nyayo za maji, mguu mdogo, wa mwanamke. Mke wangu akaweka wake kando ya mmoja. Wa kwake ukazidi vidole viwili. Nyayo zilianzia msalani, zikakata sebule bila kuyumba, zikavuka kizingiti cha mlango mkubwa. Nje zilisimama pamoja kidogo, kama mtu anayeangalia huku na huku barabara iko wapi. Halafu zikashika njia.

Nikatafuta za kurudi. Hazikuwapo.

Mke wangu akainama na tambara lake. Nikamshika mkono, nikamwambia aziache zikauke zenyewe.