Chenga za Shaba

Mvua ilianza maombi yakiwa katikati. Mwenye nyumba, jina lake Sikujua, akatoka taratibu kuokoa viatu vilivyopangwa nje ya mlango. Kwake, ghorofa ya tatu pale mtaa wa Glenwood, hakuna aliyeingia na viatu. Godelive, mkewe, aliweka sheria hiyo siku nesi alipomwambia kwamba vumbi la kazi ya mumewe lina madini ya risasi, halifai karibu na mtoto anayetambaa.

Vumbi lenyewe lilikuwa limekwisha. Kombe la Dunia lilipopita, karakana ya mtaa wa Jacobs ilikosa kazi, na bosi akawaambia wakerezaji wake wawili, wachongaji wa vyuma kwa mashine, wakae nyumbani wangoje simu. Simu ya Sikujua ilikuwa imeibwa, kwa hiyo akaacha namba ya mwenzake, Jeancy. Angemwachia nani mwingine? Mtu wa kwao Bukavu, ambaye Sikujua alimpeleka mwenyewe pale karakana, akamfundisha hata kunoa kisu cha mashine. Kila Jumamosi, siku ya maombi, Sikujua alimuuliza kama kuna habari, na kila Jumamosi Jeancy alitikisa kichwa. Yeye, alisema, siku hizi analinda magari ya watu mtaani Berea.

Ndani, sauti ya Jeancy ilipanda: "Baba, umfungulie kaka yetu mlango wa kazi."

Sikujua aliinua buti za Jeancy. Soli zikamtupia mng'ao machoni.

Akachuchumaa, akachokoa soli kwa njiti ya kiberiti, chenga za shaba zikamwangukia kiganjani. Chuma kikikerezwa hutoa nyuzi za buluu, zinajisokota mpaka zinamkata mtu kidole. Shaba yenye risasi haifanyi hivyo. Risasi huikatisha njiani, ikadondoka chenga, kama za mchele. Ndiyo bosi aliitaka kwa bushi, zile pete za kushikilia mhimili, za winchi za bandarini: inakerezeka upesi, na mafuta yakipungua, ile risasi huupa mhimili ulaini kidogo usikwame. Na shaba ikikaa huwa nyeusi. Hizi ziling'aa, za juzi tu. Alisugua moja kwa kidole gumba, ikamwachia alama ya kijivu anayoijua.

Amina ikasikika. Jeancy akatoka wa kwanza, akicheka na mtu nyuma yake, akamkuta.

"Magari ya Berea yanakerezwa siku hizi?" Sikujua aliuliza.

Jeancy aliurudisha mlango nyuma yake.

"Bosi alipiga simu. Alisema kazi iko ya mtu moja tu. Alitaka weye."

"Ukamwambia nini?"

"Eish, kaka. Nilimwambia ulisharudi Congo."

Sikujua alisikia wageni wakihesabiana vikombe vya chai. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Na kila Jumamosi unaniombea."

"Nilikuwa naomba kweli," Jeancy alisema. "Upate ingine."

Akachukua buti zake, akashuka ngazi zenye maji akiwa na soksi tu.

Godelive akatoka na mtoto kiunoni, anauliza mbona viatu vya watu vinaloa. Kisha akaona kiganja cha mumewe kilivyometameta. Hakugomba. Uso wake, uliokuwa umejikunja miezi yote ile, ukafunguka polepole.

"Baba Julienne," alisema, karibu kwa kunong'ona. "Walikuita kazini?"

Chini, Jeancy alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mwisho, akifunga kamba. Sikujua alikunja ngumi, chenga zikamchoma, akaunyoosha mkono nje, kwenye mvua, mbali na mtoto, bila kuufungua.