Wageni wa Geti Dogo

Mzee Opicho alivua kiatu cha kushoto kwanza. Alikivua bila haraka, akakipangusa kwa kiganja, akakiweka kando yake juu ya matofali ya kabro yaliyotandikwa njiani, kisha akavua cha kulia. Soksi ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilikuwa kikichungulia nje. Nyuma yake ukoo wake mzima ulikuwa umeketi chini, wanaume ndani ya suti zao, wanawake ndani ya vitenge vya sare, wote pekupeku mbele ya geti dogo la mtaa wetu wa Donholm. Vijana wa doria walikuwa wamewasimamia, rungu mkononi. Na Mzee Opicho alikuwa anacheka.

Angetukana, ningejua pa kuiweka aibu yangu. Angelia, ningelia naye. Lakini alicheka kwa moyo mweupe, kama mtu anayefanyiwa mzaha na watu wanaompenda, na kicheko hicho bado kinanichoma mpaka leo.

Yote yalianza na redio.

Baba yangu, Mbugua, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi katika soko la Jericho, na maisha yake yote hakuwahi kununua kitu kabla ya kujaribu kukivunja. Mama alizoea kutania kwamba hata yeye aligongwagongwa kwanza kama mtungi ndipo akaposwa. Alipostaafu, wakazi walimchagua mwenyekiti wa usalama wa mtaa. Wakati huo wezi walikuwa wametuzoea. Waliingia kwa geti hili huku walinzi wa geti lile wakipiga soga. Tulikuwa na gari la doria, Probox kuukuu, na kila geti lilikuwa na redio ya mkononi, lakini redio zenyewe zilikuwa za kuchangiwa, kila moja ya aina yake, kila moja ikizungumza kwenye masafa yake. Aliyekuwa garini hakusikia lolote.

"Dawa yake ni skana," Baba aliiambia kamati. Akaeleza kwamba hiyo ni redio ya kufungwa garini, inayopita masafa yote moja baada ya jingine bila kuchoka, na kutua popote inaposikia mtu akisema.

Nilimsindikiza mjini kuichagua. Muuzaji alitutolea moja nyembamba ya plastiki, yenye kioo cha rangi rangi. Baba akaipima mkononi, akairudisha. Akaomba ile ya rafu ya chini, kisanduku cheusi cha bati nene kisicho na urembo wowote, chenye vitufe vikubwa ambavyo dereva angevibonyeza bila kuondoa macho barabarani. Akakileta karibu na sikio, akaanza kukitikisa.

"Mzee, hiyo ni redio, si nazi," muuzaji alilalamika.

"Barabara za kwetu zitaitikisa kuliko mimi," Baba akamjibu.

Hakuishia hapo. Tulipofika Jericho aliipeleka kwa rafiki yake mwenye kinu cha kusaga mahindi, akaifunga kwa kamba kwenye mguu wa mashine, akaiunganisha na betri, akaiacha itetemeke huku watu wakisaga unga wao. Ilipofunguliwa ilikuwa nyeupe pepepe, na bado ilikuwa inaongea. Baba aliipuliza unga, akasema kwamba hiyo itatuzika sote.

Kuifunga garini kulichukua Jumamosi nzima, na ndiyo siku Baba alipompenda Owen. Owen Lusweti alikuwa mchumba wangu, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja huko Industrial Area. Alikuwa amekuja kusalimia tu, na shati lake la kanisani. Alimkuta Baba amelala chali chini ya dashibodi, miguu imetokeza mlangoni, akimlaani aliyeunda gari. Owen akavua shati, akaingia upande wa pili.

Juu ya dashibodi waliona jua lingeichoma. Chini yake, magoti ya abiria yangeipiga teke kila siku. Mwishowe waliisimamisha katikati ya viti viwili vya mbele, juu ya chuma walichokifunga kwa bolti sakafuni, na chini ya kila bolti wakatia kipande cha raba ya akala, ile ya tairi kuukuu, ili mashimo ya barabarani yasiifikie. Waya waliuvuta moja kwa moja kutoka kwenye betri, na pale ulipopenya kwenye bati wakauvisha mpira usikatwe. Nilikuwa naingiza mikono yangu penye upenyo ambao yao haikutosha. Mama alipowaomba wasitoboe paa, watumie antena ya sumaku, Baba alimwambia kwamba sumaku huku kwetu Eastlands huondoka kabla hujamaliza kusema niaje. Wakatoboa.

Walipokuwa wakiijaribu, Baba alituambia lugha yake ya siri. "Wezi nao wana masikio," alisema. "Kuanzia leo, mtu wa kutiliwa shaka ni *mgeni*. Polisi ni *shemeji*. Mwizi akisikia mgeni yuko getini, atadhani tunapika chai."

"Na mgeni wa kweli akija, Mzee?" Owen aliuliza kutoka chini ya usukani.

"Mgeni wa kweli hupiga simu."

Tulicheka, mimi zaidi ya wote, kwa sababu wanaume wangu wawili walikuwa wanaelewana.

Na skana ilifanya kazi, sitaidhulumu. Dedan, dereva wa doria, alianza kufika kabla mwizi hajapanda ukuta. Utaratibu wa vijana wake ulikuwa mmoja tu. Mgeni akipatikana, chini, viatu nje ili asikimbie, halafu maswali. Hakuna aliyelalamika, maana waliokalishwa chini hawakuwa jamaa zetu.

Kisha ikaja siku ya ruracio yangu kwa mila yetu ya Kikuyu, siku ambayo ukoo wa Owen ungeleta mahari nyumbani. Baba yake alikuwa amefariki, kwa hivyo msafara kutoka Bungoma uliongozwa na Mzee Opicho, kaka mkubwa wa marehemu, aliyemlea Owen kama mwanawe. Ndani ya basi lao, kama nilivyosimuliwa baadaye, Shangazi Beldina aliwapa somo. Aliwaambia Wakikuyu wangewafungia geti, wangewaimbisha, wangewatoza faini ya hiki na kile, wangewafichia bibi harusi katikati ya wanawake waliofunikwa leso. "Mtafanyiwa vituko," aliwaonya. "Vumilieni na mcheke nao."

Geti dogo siku hiyo lililindwa na Nthoki, binti aliyekuwa ameanza kazi wiki ileile. Hakuna aliyekuwa amemfundisha lugha ya siri. Aliona basi likimwaga watu waliopendeza, wazee wakiwa na fimbo zao, akafurahi kwa niaba yetu. Akabonyeza redio yake kumwarifu Abdiqadir, mlinzi wa upande wa nyumba yetu, ili awe tayari kuwapokea: "Wageni wamefika. Ni wengi, wana fimbo, wako geti ndogo."

Skana, isiyochoka, ikatua hapo hapo.

Owen alikuwa amebaki nyuma akimsaidia dereva wa basi kutafuta pa kuegesha. Mimi nilikuwa chumbani, mashangazi wakinifunga leso. Nilisikia honi ya Probox, breki, halafu sauti ya Dedan: "Chini! Wote chini! Viatu nje!" Nilitoka mbio na leso begani. Baba alikuwa mbele yangu, mkono mmoja umeingia kwenye koti, wa pili bado. Nadhani alielewa kabla yangu, maana hakukimbia hadi mwisho. Alipowaona alipunguza mwendo.

"Mkwe!" Mzee Opicho alimwita kutoka chini. "Mila zenu ni kali, lakini tulishaambiwa! Haya, tumeketi, tumevua. Faini yetu ni gani?"

Dedan alikuwa amemsogelea Baba, jasho likimtoka. "Mzee, si redio imesema wageni?" alinong'ona. "Wengi, na fimbo. Mi nilijua ni wale wasee walioiba juzi."

Baba alimtazama yule mzee mwenzake, vile viatu viwili vilivyopangwa vizuri, kile kidole. Alihitaji kusema neno moja tu, *tumekosa*. Nilimwona akilitafuta. Kisha akavaa mkono wa pili wa koti.

"Hakuna faini, mkwe," alisema. "Ukishaketi, umemaliza. Ndiyo mila yetu."

Mama alinitazama, nami nikamtazama. Mashangazi walitazamana, halafu mmoja wao akapiga vigelegele, na wengine wakadakia, kwa nguvu kuliko kawaida. Vijana wa doria waliweka rungu nyuma ya migongo yao. Mzee Opicho aliinuliwa, akapanguswa vumbi, akamshika Baba mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ni mila nzuri," alimwambia. "Mtu mzima akiketi chini mbele ya geti la mwenzake, amesema yote."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Owen alifika wakati huo. Aliliona gari, akaona jamaa zake wakivaa viatu, akaniona mimi. Lugha ya siri alikuwa ameisikia siku ileile ilipotungwa, kwa hivyo hakuhitaji kuuliza. Aliinama akamsaidia shangazi yake kufunga kiatu, na alipoinuka alikuwa anatabasamu. Hatujawahi kulizungumza jambo hilo, hata tukiwa wawili tu.

Nthoki alifukuzwa Jumatatu. Nilimkuta getini, sare imekunjwa mkononi. "Lakini mimi nilisema wageni," aliniambia. "Na si walikuwa wageni?" Walikuwa wageni. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia pole, nikapita na maziwa yangu.

Baba nilimuuliza mara moja tu, muda mrefu baada ya harusi. Tulikuwa tunachambua maharagwe.

"Ningewaambiaje, Wanja?" alisema. "Kwamba tuliwadhania wezi?"

"Ndiyo."

"Basi leo hungekuwa na mume."

Huenda alisema kweli, na hilo ndilo linaloniumiza. Nilikuwa nimempata mume wangu kwa uongo ule, nikaulinda kama mali. Kila Mzee Opicho alipotutembelea alirudia habari ile mbele ya watu, akiongeza chumvi, jinsi Wakikuyu walivyomketisha, jinsi alivyoheshimu mila yao. Nilikuwa nikienda jikoni kuangalia chai ambayo haikuhitaji kuangaliwa. Wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha, lakini hawasemi mwosha naye hulala vipi.

Mwaka huu mdogo wake Owen alichumbia Clare, msichana wa Kikuyu kutoka Jericho. Safari hii nilikuwa upande wa wageni, mke wa ukoo, na kitenge cha sare kama wenzangu. Mzee Opicho amezeeka. Magoti yanamsumbua, hashuki ngazi bila kushikwa. Lakini hakukubali mtu mwingine atangulie. "Wakikuyu mimi nawajua," alisema. "Nimeozesha kwao."

Jericho hakuna kabro. Mvua ilikuwa imenyesha, na mbele ya nyumba ya akina Clare ardhi ilikuwa tope jeusi lililoanza kukauka. Wanawake wa kwao walikuwa nyuma ya geti lililofungwa, tayari kutuimbia. Tulipofika, Mzee Opicho aliinua fimbo.

"Viatu," alituamuru. "Na mketi."

Ningeweza kumzuia. Nilikuwa na muda wote aliouchukua kujishusha, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine begani mwa Owen, akiguna kwa maumivu. Nilimtazama Owen, naye akatazama kando. Nikavua viatu, nikaketi topeni pamoja nao.

Wimbo ulikatika nyuma ya geti. Tulisikia minong'ono, halafu mtu akauliza, "Kwani wamefiwa?" Geti likafunguliwa, akatoka nyanya yake Clare, mwanamke mdogo wa umbo mwenye kilemba na raba miguuni.

"Ni nini, wazee wangu?" aliuliza.

"Tumeketi kwa mila yenu," Mzee Opicho akamjibu, na kifua mbele.

Nyanya yule alitazama safu yetu yote mpaka macho yake yakanifikia. Bila shaka alikuwa ameambiwa kwamba kuna Mkikuyu mwenzake kati yetu. Niliyakwepa macho yake, nikajifanya natoa tope kwenye kitenge. Nilingoja aniumbue, na ningestahili.

Yeye alivua raba zake, akaziweka kando ya geti, akashika nguzo, akajishusha taratibu mpaka akaketi topeni mbele ya Mzee Opicho, akanyoosha miguu. "Basi karibuni," alisema. Binti zake walimtazama kwa mshangao, kisha nao wakavua viatu. Wakaketi. Wakaja wanaume, wamevaa mavazi yao ya sherehe, wakaketi. Mtu mmoja akacheka, wakacheka wote, na mikono ikaanza kusalimiana pale pale chini, kutoka upande huu hadi ule.

Mzee Opicho peke yake hakucheka. Aliwatazama mmoja mmoja, nguo zao nzuri ndani ya tope. Kisha akaniinamia, akaishusha sauti ili nisikie mimi tu.

"Kwenu," alisema, "hakuna aliyeketi."

"Ndiyo, Mzee," nilimwambia. "Sisi tulisimama."

Alitikisa kichwa polepole. Wimbo ulikuwa umeanza tena, na vijana walikuwa wanainuka, wakivutana mikono na kupangusana, wazee wao wakiwa bado wameketi. Nilisimama upesi, nikamnyooshea mkono wangu ili ainuke.

"Tangulia," aliniambia, bila hasira yoyote. "Mimi niache nikae kidogo na hawa."