Nzisa Alivyoitika kwenye Rock

Tangu Nzisa, binti yake wa miaka mitatu, atoke hospitalini alikolazwa kwa homa ya uti wa mgongo, Mwongeli alikuwa akimwita mchana kutwa bila mtoto kugeuka. Daktari alisema wampe muda, huenda angesikia tena. Jumamosi hiyo bendi ya muziki wa rock ilikuja mjini Mwingi kuwachezea watoto uwanjani, na mumewe, Mutisya, akasisitiza waende.

Ngoma zilipoanza, Nzisa aliruka-ruka. Mutisya akashangilia.

"Usijidanganye, Baba Nzisa," Mwongeli akasema. "Anahisi ardhi ikitetemeka tu."

Akaketi kwenye nyasi, akampakata mtoto, mgongo wa mtoto ukielekea jukwaani, ili anywe uji. Vyombo vyote vya bendi vikanyamaza. Mwimbaji akauliza kwa sauti ya kawaida, "Watoto, mko wapi?"

Kabla mtoto mwingine hajafungua kinywa, Nzisa alikisukuma kikombe. "Tuko hapa!"

Uji ulimwagikia sketi ya Mwongeli, wala hakujali.

"Umesikia, Mama Nzisa?" Mutisya akauliza, machozi yakimtoka.

"Nimesikia," akajibu, akicheka na kulia. "Na yeye amesikia!"