Twahira Alipochoka

Twahira binti Shekhan alianguka kwenye ngazi asubuhi, akiwa na beseni la maji ya kumwoshea babake. Hakuteleza. Magoti tu yalikataa. Akabaki ameketi kwenye kipandio, maji yakimiminika hadi uani, naye hana hata sauti ya kumwita mtu.

Babake, Bwana Shekhan, alikuwa amepooza upande mmoja kwa miaka. Twahira ndiye aliyemgeuza, aliyemlisha na kumkanda mafuta, akipanda na kushuka tangu alfajiri mpaka mji ulale. Jua aliliona kwa uwazi wa juu ya ua tu, maana mabinti wa nyumba kama yao hawakutembea mchana katika mji wa Lamu. Akilala, sikio moja lilikaa macho. Watu walimsifu, "Ana nguvu binti huyu, mashaallah," na sifa hiyo nayo akaibeba pamoja na mabeseni.

Kakake Alwi, mwenye duka la vitambaa, alimleta daktari. Daktari akampima, akamtazama ulimi, akasema hana maradhi.

"Mbona basi hasimami?" Alwi akauliza.

"Amechoka."

"Nani asiyechoka, daktari?"

Lakini siku zilipopita na Twahira hajainuka, Alwi alimwachia mkewe Khairiya kazi ya mgonjwa, akampandisha dadake juu ya punda na kumpeleka kijijini Kipungani kwa shangazi yao. Bi Umi alikuwa mjane, msusi wa mikeka, mwenye maneno machache na mikono isiyokuwa na haraka.

Mwanzo Twahira alilala tu. Alilala asubuhi, akalala jioni, na kila alipoamka kichwa kilikuwa kizito zaidi na miguu kama si yake. Chakula kilimkinaisha. Kisha haya zikamshika. Siku moja akaamka kabla ya adhana, akafagia ua mzima, akateka maji, akatwanga, akaketi kusuka bila kupumua. Ilipofika alasiri mwili ulikuwa unawaka.

Bi Umi akamnyang'anya ukili, ule utepe wa mkeka aliokuwa akiusuka.

"Mwanangu, hukuletwa hapa uwe mtumishi. Wala hukuletwa uwe maiti. Kesho asubuhi tutakwenda kukata miyaa, majani ya kusukia. Ndia si ndefu."

"Na nikishindwa, shangazi?"

"Tutarudi."

Wakashindwa kweli. Hawakuifikia hata mikoma ya karibu yenye majani hayo. Twahira aliketi mchangani akihema, na Bi Umi akaketi kando yake, akiangalia kaa wanavyotoka mashimoni, bila ya kumwambia jikaze. Wakarudi. Siku ya pili wakaenda mbele kidogo. Baadaye wakawa wanafika, wanakata majani mabichi, wanayafunga, wanarudi nayo polepole jua lingali pole. Twahira alitokwa na jasho, lakini jasho hili lilimwacha na njaa. Alikula samaki na wali akaomba tena, akaona aibu, Bi Umi akampakulia asione aibu.

Jambo lililomtesa lilikuwa adhuhuri. Baada ya sala kijiji kizima kilinyamaza. Bi Umi aliweka ukili chini hata kama umebaki mfupi wa kumaliza.

"Shangazi, malizia. Umebakisha kidogo sana."

"Hautakimbia. Lala, yua ni kali."

Twahira alijilaza, macho darini, akingoja kuitwa. Hakuna aliyemwita. Mchana mmoja akaanza kulia, na kilio kile kikamtoa hasira ambazo hakujua anazo: juu ya kakake, juu ya wasifuo nguvu zake, hata juu ya babake mwenyewe. Akasema astaghfirullah mara nyingi. Twahira akalala usingizi ambao hakuukumbuka tangu usichana wake, masikio yote mawili yamefungika.

Mwezi ulipoandama tena Alwi akaja kumchukua. Alikuwa amekonda, macho mekundu.

"Khairiya mgongo umemkatika," alisema, hata kabla ya kunywa maji. "Usiku namgeuza baba mimi. Twahira, sikujua."

"Umejua sasa."

"Basi twende nyumbani."

Twahira aliendelea kusuka hadi mwisho wa mstari. Alihisi uchovu wa zamani ukimrudia mabegani kwa kutajiwa tu.

"Nitakuja, kaka. Lakini asubuhi, baba akisha kula, nitatoka na buibui langu niende shambani kwetu na kurudi. Na baada ya adhuhuri nitalala. Saa hizo baba ni wako."

"Na duka?"

"Duka hulifunga adhuhuri, kama maduka yote. Ulikuwa ukija nyumbani kulala."

Alwi akatazama chini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Watu watasemaje, wakikuona ndiani mtana?"

"Watasema Twahira anatembea."

Bi Umi akacheka puani, akainuka kuwachemshia chai.

Haikuwa rahisi. Jirani mmoja alifunga dirisha kwa kishindo kila Twahira alipopita. Siku nyingine Alwi alijisahaulisha akabaki kwenye baraza za watu, na Twahira akakosa usingizi, jioni mwili ukamuuma wote. Bwana Shekhan naye alilalamika kwamba mikono ya mwanawe ni mizito kama ya mpakia mizigo. Lakini Khairiya, aliyekuwa amesimama mlangoni na mgongo wake mbovu, alimjibu mkwewe kwa adabu kuwa atazoea, na siku Alwi alipochelewa tena, akamtumia mtu akamwite.

Adhuhuri moja ya msimu wa kaskazi Twahira alikuwa amejilaza, miguu ikiwaka kidogo kwa mwendo wa asubuhi, aliposikia babake akiita.

"Twahira! Ndoo hapa!"

Mwili mzima ukataka kuruka. Akashika ukingo wa kitanda.

"Amelala, baba," ikasema sauti ya Alwi, yenye usingizi na uchovu. "Niambie mimi."

Bwana Shekhan akakohoa.

"Nataka mai."

"Haya, baba. Yaja."

Twahira alisikiliza kata ikigonga mtungi. Akangoja moyo utulie, akageukia ukutani, akalala mpaka adhana ya alasiri.