Neno la Mkaza Mwana

Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakianguka juu ya mashamba ya miwa ya Eshowe. Kapteni Ntombizanele Dlomo alivua koti lililolowa, akalitundika nyuma ya mlango wa kituo, na akataka kusikia ile simu ya siri iliyorekodiwa kabla hajaomba chai.

Kazi yake ilikuwa kusoma wauaji. Kwa miaka mingi aliketi na wanaume waliofungwa maisha, akawauliza walivyoishi kabla ya kuua, ili aweze kuwaeleza askari mtu wanayemtafuta ni wa namna gani. Hakuwaonea huruma, wala hakuwadharau. Wengi wao walimwita Mama.

Katika bonde la KwaMpehlela wanawake watatu walikuwa wameuawa wakirejea kutoka shambani jioni. Kila mmoja alikutwa amefunikwa uso kwa kitambaa chake mwenyewe. Kapteni alikwisha kuandika, akiwa bado Pretoria, kwamba muuaji huyo aliwafahamu kwa majina, aliona haya kutazamwa nao, na yamkini aliendesha chombo kilichompitisha pale kila siku.

Sajenti Lwandile Cebekhulu, kijana wa Durban, alibonyeza kitufe. Sauti ya mwanamke, iliyozibwa kwa nguo, ilisema: "Mnayemtafuta hurudi nyumbani kwa inyatuko ya juu. Buti zake zina damu. Msiniulize jina."

"Inyatuko hiyo tumeitafuta kwenye ramani nzima, Mama," alisema Cebekhulu. "Kijiji hicho hakipo. Labda kiko Msumbiji. Ndiyo maana tumeipeleka sauti redioni. Itasikika kwenye habari za saa saba, anayekijua atupigie."

Kapteni aliomba kusikia tena. Kisha akamtazama.

"Wewe Cebekhulu, ulizaliwa ndani ya lifti?"

"Hospitalini, Mama. Ghorofa ya nne."

"Inaonekana. Hicho si kijiji. Ni njia."

"Njia kwa Kizulu ni indlela."

"Kwako wewe. Kwa mkaza mwana ambaye baba mkwe wake anaitwa Ndlela, jina hilo halipiti kinywani, wala neno lolote linalofanana nalo. Yeye atapita kwenye inyatuko mpaka siku atakayozikwa."

"Hata kwenye simu ya siri? Hata akiwa anatetemeka hivyo?"

"Hasa akitetemeka. Aliificha sauti, hakuweza kuiacha heshima."

Kapteni alilijua hilo mwilini mwake. Alipoolewa, mama mkwe alimfunza maneno hayo jikoni, huku akicheka kila alipokosea na kumpa kipande cha kiazi kila alipopatia. Mumewe alikuwa amekwisha kufariki. Maneno yalikuwa yamebaki.

Ghafla aliitazama saa ya ukutani.

"Redio," alisema. "Nipeleke kwa Kanali."

Kanali Govender, mkuu wa kituo, aliwasikiliza akiwa amesimama.

"Kapteni, nimehudhuria mazishi matatu. Niinyime nchi sauti hii kwa ajili ya neno moja?"

"Moja tu, Kanali. Neno hilo ni sawa na jina lake. Ikisikika saa saba, kabla hawajafika kwenye hali ya hewa kila mama wa bonde lile atajua aliyepiga ni mke wa nyumba ipi. Naye atakuwa pale pale, anampakulia mumewe chakula."

"Na ukikosea?"

"Nikikosea, sauti hii utakuwa nayo hata kesho. Nisipokosea nawe ukaicheza, utakwenda mazishi ya nne."

Kanali aliinua simu. Mtu wa redio alilalamika kwa sauti kubwa kwamba nafasi hiyo ataijaza na nini. "Weka wimbo," alisema Kanali, akakata.

Cebekhulu alikuwa amejishika kichwa. "Ndlela! Mzee Ndlela Mkhwanazi! Yule anayekuja hapa kutugombeza kila ng'ombe wake akipotea. Ana mwana mmoja tu, Bhekumuzi. Anaendesha trekta la miwa."

"Basi hatuendi kwake," alisema Kapteni. "Tukienda nyumbani, atajiuliza nani ametuonyesha mlango. Twende kazini kwake. Tukague buti za madereva wote, na yeye asiwe wa kwanza."

Walifanya hivyo. Bhekumuzi Mkhwanazi alikuwa wa tano kuvua buti. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshono wa soli, na ndani ya sanduku la vifaa la trekta lake walikuta hereni za yule marehemu wa tatu.

Kituoni, Kapteni alimwekea kikombe cha chai na kuketi mbele yake.

"Nani kaniuza?" aliuliza Bhekumuzi. "Ni mke wangu?"

Kapteni hakuyaondoa macho yake.

"Ni wewe. Uliwafunika nyuso. Mtu humfunika anayemjua. Nilikufahamu nikiwa Pretoria, kabla sijasikia jina lako. Muulize Kanali, ana maandishi yangu."

Bhekumuzi alikivuta kikombe karibu.

"Wa kwanza alikuwa akiniita kaka," alisema. Aliendelea kusema mpaka chai ikapoa.

Ndipo Kapteni alipokwenda nyumbani kwa Mzee Ndlela. Alijifunga kitambaa kichwani, akaketi upande wa wanawake, akamweleza mzee yote bila kupamba. Mzee alivua kofia, akaiweka magotini. Mkaza mwana wake, MaXimba, alikuwa amepiga magoti na bakuli la maji, macho chini. Kapteni aliyapokea maji, akamfuata jikoni.

"Mama, nitaitwa mahakamani?" alinong'ona MaXimba.

"Kwa lipi, binti yangu? Buti zimesema, na yeye amesema. Hakuna anayekuhitaji."

"Nimeyafua mashati yake. Nimempikia."

"Ulifua kwa kuwa hukujua. Siku uliyojua, ulifanya jambo zito kuliko kufua."

MaXimba aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo unajua."

"Mimi nimemsikia mkaza mwana mwenzangu. Wengine wamesikia simu tu."

MaXimba aliegemeza paji la uso kwenye bega la Kapteni, akalia bila sauti, kama aliavyo mtu ambaye wakwe zake wako chumba cha pili. Kapteni alimshikilia, na kwa mkono mwingine akaipunguzia moto sufuria iliyokuwa ikianza kuungua.

Kanali Govender aliifungia ile sauti kabatini, na ufunguo akaendelea kuubeba mwenyewe. Sajenti Cebekhulu alimpigia simu bibi yake wa Nongoma, akamwomba amfundishe maneno ya wakaza wana. Bhekumuzi alikiri mashtaka yote matatu. Mzee Ndlela alitembea hadi nyumba tatu zilizofiwa, akaketi nje ya kila lango mpaka alipokaribishwa. MaXimba aliwachukua watoto wake wawili akarudi kwao. Kapteni Dlomo alirudi Pretoria, akalala, na kesho yake akafungua jalada lililotoka Limpopo.